Kwa nini mimea yangu ya viungo hufa kila majira ya kuchipua?

*"Mwaka jana, mara tu jua la majira ya kuchipua lilipoanza kung'aa, nilijaza udongo wa bustani katika sanduku kubwa la mbao, nikaweka kokoto chini ili maji yasituame, kisha nikapanda rehani, giligilani na pasili kwa mbegu, na pembeni nikapandikiza mche wa rosemari nilioununua. Nilimwagilia kila jioni bila kukosa. Rehani iliota, lakini majani yakageuka meusi na yote ikafa. Giligilani ilitoa maua kabla sijapata majani ya kutosha kupikia hata mara mbili. Pasili haikuota kabisa, nikaifukua baada ya wiki mbili. Rosemari ilikauka kuanzia nchani ingawa udongo ulikuwa na maji wakati wote, na nilipoona inanyauka nikaongeza maji na mbolea. Mwaka uliotangulia mambo yalikuwa hivyohivyo. Wenzangu wananiambia mkono wangu hauoteshi. Je, safari hii ninunue miche badala ya mbegu, nibadilishe mbolea, au niache kabisa?"*

Ndugu muulizaji, usiache. Maelezo yako ni kamili, na ninachokiona ndani yake si mkono usiootesha, bali ni mimea minne iliyoshindwa kwa sababu nne tofauti ndani ya sanduku moja. Wasiwasi wako, kama nilivyouelewa, ni kwamba ulifanya kila kilichotakiwa, ukamwagilia, ukatia mbolea, ukaweka kokoto, na bado hukupata majani ya kutosha jikoni. Kwa hiyo unadhani kasoro haina budi kuwa yako. Uliyoyafanya hufanywa na wakulima wengi wa bustani za nyumbani, kwa sababu ushauri mwingi unaotolewa huichukulia mimea ya viungo kuwa jamii moja yenye mahitaji yaleyale. Kinachoikusanya pamoja mimea hii ni mapishi tu. Udongoni kila mmoja hufuata tabia ya mahali ulikotoka.

Rehani asili yake ni nchi za joto, ambako haukutani na baridi hata usiku. Rosemari ilitokana na vilima vya mawe kandokando ya bahari ya Mediterania, mahali penye jua kali, udongo mwembamba na miezi mingi bila mvua. Giligilani na pasili nazo zinatoka katika eneo la Mediterania na nchi za jirani, lakini hukua vizuri katika kipindi cha ubaridi wa wastani, wakati udongo una unyevu na jua halijawa kali. Ukiipanda yote siku moja, katika udongo mmoja, na kuinywesha kwa kipimo kimoja, hakuna namna ambayo utaipendeza yote. Majira ya kuchipua ndiyo yanayoidhihirisha tofauti hii kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu ndani ya wiki chache hali ya hewa hupita kutoka baridi inayoifaa pasili hadi joto linaloifaa rehani.

Nianze na rehani, kwa maana kifo chake ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Majani meusi uliyoyaona huenda uliyadhania kuwa ugonjwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa kuzingatia kwamba ulipanda mara tu jua lilipoanza kung'aa, mshukiwa mkuu ni baridi. Mmea wa nchi za joto hauhitaji barafu ili udhurike. Halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 10 hadi 12 za Selsiasi, ngozi laini zinazozunguka chembe hai za rehani hupoteza uwezo wake wa kuzuia maji na chumvi zilizomo ndani, chembe hizo huvuja, na sehemu iliyoumia hugeuka nyeusi ndani ya siku moja au mbili. Usiku mmoja wa baridi unatosha. Mchana unaofuata unaweza kuwa wa kupendeza sana, nawe ukashindwa kabisa kuelewa ni nini kilichoupata mmea wako.

Hapo ndipo jua la kwanza linapowadanganya watu. Hewa hupata joto upesi, lakini udongo huchelewa, na udongo uliolowa huchelewa zaidi kwa sababu maji huhitaji joto jingi kabla hayajapanda hata nyuzi moja. Siku ambayo wewe unavua koti, mbegu iliyo sentimita moja ardhini bado inaweza kuwa katika nyuzi 8. Aidha, katika usiku mtulivu usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa baridi, ambayo ni nzito, hukusanyika chini. Kwa sababu hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri huku majani yaliyo karibu na ardhi yamefunikwa na jalidi, yaani umande ulioganda. Bustani iliyo bondeni au chini ya mteremko hupatwa na hali hii mara nyingi kuliko iliyo juu.

Kwa hiyo nakuomba usiongozwe na kalenda, wala na jua linaloingia dirishani, bali uongozwe na udongo wenyewe. Kipimajoto cha kawaida cha udongo, au hata cha jikoni chenye ncha ya chuma, kinatosha: kichomeke sentimita 5 ardhini asubuhi, kabla jua halijapiga, na ufanye hivyo kwa siku kadhaa mfululizo. Ukiona udongo haushuki chini ya nyuzi 15, na usiku hewa haishuki chini ya nyuzi 10, rehani inaweza kutoka nje. Ikifika nyuzi 20 itaota ndani ya wiki moja hivi, na itakua kwa kasi kiasi kwamba mche uliopandwa wiki tatu baadaye katika udongo wenye joto mara nyingi huupita ule uliowahi kupandwa ukadumaa kwa baridi. Katika rehani, subira haikupotezei chochote.

Kama hutaki kungoja, unaweza kuisia ndani ya nyumba wiki nne hadi sita kabla ya wakati wa kuitoa, lakini nikueleze mapema matatizo mawili yanayokungoja huko. La kwanza ni mwanga. Dirisha linaloonekana jang'avu machoni mwetu mara nyingi ni hafifu kwa mmea, na mche ulio katika joto la chumba bila mwanga wa kutosha hurefuka, hupauka na kulalia upande mmoja, kwa kuwa homoni ya ukuaji iitwayo oksini hurefusha shina likiutafuta mwanga. Kutia mbolea mche wa namna hii kunaudhoofisha zaidi. Unahitaji ama dirisha linalopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi, ama taa iliyowekwa juu ya miche na kuwashwa kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha izimwe usiku.

Tatizo la pili ni miche kuanguka. Utaamka asubuhi uikute imelala, shina limebana na kuwa kama uzi pale linapotokea udongoni. Huo ni uozo unaosababishwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, ambavyo hustawi panapokuwa na unyevu mwingi, ubaridi, msongamano na hewa isiyotembea. Mche ukishaanguka hauponi, hivyo kinga ndiyo tiba pekee. Tumia udongo mpya wa kusia mbegu badala ya udongo wa bustani, osha vyombo vya zamani kwa sabuni, sia mbegu zikiwa mbalimbali, mwagilia kwa kuweka chombo ndani ya sinia lenye maji kwa dakika chache kisha ukiondoe, na ufunue kifuniko cha plastiki mara mbegu zinapochomoza.

Miche iliyokulia ndani isitolewe nje siku moja na kuachwa huko. Majani yake yana utando mwembamba wa nta, hayajawahi kupigwa na upepo, na jua la mchana huyaunguza hadi yakawa na mabaka meupe. Izoeshe kwa siku 7 hadi 10: mwanzo saa moja au mbili kivulini, kisha muda mrefu zaidi na jua zaidi kila siku, ukiirudisha ndani usiku mpaka siku ya mwisho.

Sasa giligilani, ambayo wengine huiita dania au kotimiri. Hapa ninataka kukuondolea lawama moja kwa moja. Giligilani ni mmea wa maisha mafupi ambao umeumbwa kutoa mbegu. Siku zinaporefuka na joto kuongezeka, hubadilisha mwelekeo wa ukuaji, hupandisha shina refu, majani ya juu huwa membamba kama nyuzi, na ladha yake hubadilika. Mabadiliko hayo yakishaanza hayarudi nyuma, na kukata shina la maua hakuurudishi mmea kwenye majani mapana. Ukame, joto la ghafla na kuhamishwa kutoka kitaluni huharakisha mambo, hasa kuhamishwa, kwa maana giligilani ina mzizi mkuu mmoja unaokwenda chini moja kwa moja na haupendi kuguswa. Ndiyo maana miche ya giligilani inayouzwa katika vikopo mara nyingi hutoa maua wiki chache baada ya kupandwa, na kwa mmea huu mimi sishauri mtu anunue mche.

Dawa ni kuipanda mapema na kuipanda mara kwa mara. Giligilani huvumilia jalidi nyepesi, kwa hiyo inaweza kuingia udongoni wiki kadhaa kabla ya rehani, mara udongo unapolimika bila kugandamana mkononi. Kile tunachokiita mbegu yake ni tunda dogo kavu lenye mbegu mbili ndani; ukiliviringisha chini ya kiganja mpaka lipasuke, zitaota kwa urahisi zaidi. Zipande mahali zitakapokaa, kina cha sentimita moja hivi, kisha panda nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu, kidogo kidogo. Hivyo fungu moja linapoanza kutoa maua, jingine liko tayari kukatwa. Joto kali likifika, pumzika hadi hali ya hewa ipoe, au upande mahali penye kivuli cha alasiri. Mimea iliyokwisha kuchanua usiing'oe yote, kwa kuwa maua yake huvuta nyuki, na pia wadudu wanaokula vidukari, na mbegu zikikauka ni kiungo cha jikoni na ni za kupanda tena. Mengi ya haya yanahusu pia dili, ambayo ni ndugu wa giligilani kwa tabia na kwa mzizi.

Pasili yako, kwa maoni yangu, haikufa. Uliifukua kabla haijaota. Mbegu ya pasili inapodondoka kutoka kwa mama yake kiinitete chake huwa bado kidogo, na lazima kikue ndani ya mbegu kwanza kabla mzizi haujachomoza; zaidi ya hayo ganda lake lina kemikali zinazozuia kuota. Katika udongo wenye joto la kutosha huchukua wiki tatu, na katika udongo baridi wiki tano si jambo la ajabu. Loweka mbegu katika maji ya uvuguvugu usiku kucha, uyamwage maji hayo asubuhi, kisha uzipande na kuuweka udongo wa juu katika unyevu muda wote, kwa sababu mbegu iliyoanza kuamka ikikauka hata siku moja hufa. Tumia mbegu za msimu uliopita, si za pakiti iliyosahauliwa kabatini kwa miaka minne, kwani mbegu za pasili huzeeka upesi. Ili usisahau ulipoipanda wala usichimbe tena, changanya mbegu chache za figili katika mstari huohuo: figili huota ndani ya siku chache, huonyesha mstari ulipo, na utakuwa umezivuna kabla pasili haijahitaji nafasi. Ikishakuwa kubwa itakupa majani mwaka wote wa kwanza na haitatoa maua hadi mwaka wa pili, kwa hiyo kungoja kwako kutalipwa.

Rosemari ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu ulikuwa ukijitahidi kuiokoa kwa kile kilichokuwa kikiiua. Mizizi hupumua. Huchukua oksijeni kutoka katika vijitundu vya hewa vilivyo kati ya chembechembe za udongo, na vijitundu hivyo vikijaa maji, oksijeni huifikia mizizi kwa shida, kwani gesi husafiri ndani ya maji polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Mizizi ikikosa pumzi hufa, na mizizi iliyokufa haiwezi kuvuta maji. Ndipo mmea unapoanza kukauka kutoka nchani huku umesimama katika matope, na dalili zake hufanana kabisa na kiu. Mkulima anaongeza maji kwa nia njema, na mbolea juu yake, ambayo chumvi zake huunguza mizizi michache iliyobaki. Siku nyingine ukiona mmea umenyauka, kabla hujashika ndoo, chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, usitie maji. Ung'oe kwa uangalifu uitazame mizizi: iliyo hai ni myeupe au ya kahawia hafifu na imara, iliyooza ni myeusi, laini na yenye harufu mbaya.

Na sasa kokoto. Nafahamu kwamba ushauri wa kuweka kokoto chini ya chombo umeenea sana na unaonekana kuwa na mantiki, lakini unafanya kinyume cha kile kinachokusudiwa. Maji hayatoki kwa urahisi katika udongo wenye vijitundu vidogo kwenda katika nafasi kubwa zilizo kati ya mawe. Hushikiliwa na udongo mpaka sehemu yake ya chini ijae kabisa, ndipo yaanze kudondoka. Chukua sponji, uiloweshe, uilaze juu ya wavu na usubiri iache kudondosha. Ukiisimamisha wima, maji mengine yatatoka, kwa sababu kimo kimeongezeka. Udongo katika chombo una tabia hiyohiyo: sehemu ya chini hubaki na maji, na chombo kikiwa kirefu mizizi mingi hukaa juu ya sehemu hiyo. Ulipoweka kokoto ulikipunguza kimo cha udongo na kuyapandisha maji yaliyotuama karibu na mizizi. Kinachotakiwa ni matundu ya kutosha chini ya sanduku, kipande cha wavu juu yake kama unaogopa udongo kumwagika, na udongo wa aina moja kutoka chini hadi juu.

Udongo wa bustani nao haufai peke yake ndani ya chombo, kwa sababu hushikamana na kukosa hewa. Kwa rosemari, thaimu na oregano, changanya sehemu mbili za udongo wa vyungu, yaani udongo mwepesi wa kupandia vyunguni, na sehemu moja ya mchanga mkavu wa chembe kubwa au changarawe ndogo iliyochanganywa ndani, si kutandazwa chini. Chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko cha plastiki kwa mimea hii, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu. Ukitaka kuipanda ardhini, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishakwisha ulijaze tena na utazame: maji yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, ardhi yako haipitishi maji vya kutosha, na ni afadhali uinue tuta. Usimwage mchanga kidogo katika udongo wa mfinyanzi ukidhani utaulegeza, kwani mchanganyiko huo mara nyingi hugandamana na kuwa mgumu zaidi. Mboji iliyoiva ndiyo inayofungua mfinyanzi, ingawa ni kazi ya misimu kadhaa.

Ulimwagilia kila jioni bila kukosa, na bidii hiyo naiheshimu, lakini naomba uigeuze iwe bidii ya kuchunguza kila siku na kumwagilia pale tu panapohitajika. Asubuhi ni bora katika majira haya, kwa sababu majani yaliyolowa jioni hubaki na maji usiku kucha, na maji juu ya jani katika ubaridi ndiyo mazingira ambamo kuvu huota. Elekeza maji kwenye udongo, uloweshe hadi yatoke chini, kisha uache mpaka ihitajike tena: kwa rehani na pasili ni pale udongo wa juu unapokauka, kwa rosemari ni pale udongo umekauka hadi sentimita 5 chini.

Kuhusu mbolea, jibu langu ni fupi: tatizo lako halikuwa mbolea, na kuibadilisha hakutasaidia. Harufu ya mimea hii hutokana na mafuta yaliyomo katika majani, na mmea uliolishwa naitrojeni kwa wingi hutoa majani makubwa, mororo, yenye ladha hafifu na yanayowavutia vidukari. Rosemari, thaimu na oregano zilizopandwa ardhini hazihitaji chochote zaidi ya mboji kidogo mara moja kwa mwaka. Rehani na pasili zilizo katika vyungu na zinazokatwa mara kwa mara ni jambo jingine. Hizo zipewe mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, baada ya wiki nne hadi sita tangu kupandwa.

Sasa swali lako la mbegu au miche, ambalo halina jibu moja. Rosemari inunuliwe ikiwa mche, au upewe tawi na jirani, kwa sababu mbegu zake huota kwa uchache na polepole mno. Tawi changa la sentimita 10, lililoondolewa majani ya chini na kuchomekwa katika mchanga wenye unyevu mahali penye mwanga usio wa jua kali, hutoa mizizi kwa wiki kadhaa. Nanaa nayo ipandwe kwa kipande cha shina, kwani miche itokanayo na mbegu mara nyingi haifanani na mama yake kwa harufu. Weka shina katika glasi ya maji na utaona mizizi upesi. Lakini nanaa iishi katika chungu chake peke yake, maana mashina yake hutambaa chini ya ardhi na kuisonga mimea mingine yote. Giligilani na dili ni mbegu, bila mjadala. Pasili unaweza kwenda njia yoyote. Kama kungoja kwa wiki tano kunakukatisha tamaa, nunua mche mmoja na usione haya.

Rehani iko katikati. Mbegu ni rahisi na hukupa mimea mingi, lakini zinahitaji joto na uangalizi. Kile chungu cha rehani kinachouzwa dukani kikiwa kimejaa na kupendeza kwa kawaida si mmea mmoja, bali ni miche kumi au zaidi iliyobanwa pamoja, ikulie haraka na iuzwe haraka, na ndiyo sababu hufa ndani ya wiki chache. Ukikinunua, kigawanye katika mafungu manne kwa kuuvuta udongo taratibu, uyapande mbalimbali, uyaweke kivulini kwa siku chache, na huenda ukawa na rehani ya msimu mzima.

Mimea ikishashika, namna ya kuvuna ndiyo itakayoamua kama itadumu. Wengi huchuma majani makubwa ya chini na kuacha ncha, na hilo huufanya mmea uwe mrefu, wenye shina moja, unaokimbilia maua. Ncha ya shina hutoa homoni inayozizuia chipukizi za pembeni zisikue. Ukiikata ncha, kizuizi kinaondoka na chipukizi mbili huchomoza pale palipokuwa na moja. Rehani ikiwa na jozi tatu au nne za majani, kata shina juu kidogo ya jozi ya pili, na uendelee hivyo kila matawi mapya yanapofikia urefu huo. Kwa pasili na giligilani, kata mashina ya nje karibu na udongo na uache ya katikati. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na rosemari usiikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwa sababu huko haichipui tena kwa urahisi. Asubuhi, baada ya umande kukauka na kabla ya jua kuwa kali, ndipo majani yanapokuwa na harufu nzuri zaidi.

Kwa hiyo kwa sanduku lako ningefanya hivi. Ondoa kokoto, toboa matundu zaidi, mwaga udongo wa zamani kwenye sehemu nyingine ya bustani, na ujaze udongo mpya wa vyungu uliochanganywa na mboji. Sanduku hilo liwe la pasili na giligilani, lianze mapema, mara udongo utakapofika nyuzi 8 hadi 10. Rosemari ipate chungu chake na mahali penye jua kuliko pote. Rehani iingie mwisho, katika nafasi utakayoiacha sandukuni au katika chungu cha tatu, siku ambazo udongo umepata joto la kweli. Mimea michache iliyopangwa hivyo itakupa mengi kuliko aina kumi zilizosongamana.

Yako mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza, na ambayo ningependa uyapeleke kwa mtu atakayeyaona kwa macho yake. Rehani ikianza kuwa ya njano kwenye vipande vilivyogawanywa na mishipa ya jani, na ukigeuza jani ukakuta vumbi la kijivu au la zambarau upande wa chini, usidhani ni njaa ya mbolea. Hiyo ni dalili ya ukungu unaosafiri kwa upepo na kwa mbegu, na hauna tiba ya nyumbani ya kutegemea. Peleka jani lililofungwa katika mfuko kwa mtaalamu wa kilimo wa eneo lako, na mimea iliyoathirika uiondoe kabla haijaambukiza ya jirani. Mche wowote ulionunuliwa kwa ajili ya urembo na si kwa chakula usiuvune kabla ya kumuuliza muuzaji umepuliziwa dawa gani.

La pili ni zito zaidi. Katika majira ya kuchipua huota porini na kandokando ya bustani mmea wenye sumu uitwao hemloki, Conium maculatum, ambao ukiwa mchanga majani yake hufanana mno na ya pasili. Shina lake ni laini, lina uwazi ndani, lina madoa ya zambarau, na majani yakisuguliwa hutoa harufu mbaya badala ya ile ya kupendeza. Ukikuta pasili mahali ambapo hukuipanda, usiionje ili kuhakikisha, na usiishike bila glavu. Mwonyeshe mtu anayejua mimea. Mtu akishaila, asingoje dalili: apelekwe hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea wenyewe.

Mwisho, kama nyumba yako ni ya zamani na rangi ya kuta imekuwa ikibanduka, au kama pale ilipo bustani palikuwa na karakana au barabara yenye magari mengi, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na majani ya viungo yaliyo karibu na ardhi hushika vumbi lake. Hakuna njia ya kulijua hilo kwa kutazama. Tafuta maabara inayopima udongo, chukua sampuli kutoka sehemu kadhaa za bustani, ueleze kwamba unataka kupanda chakula, na wakati ukingoja majibu upande katika vyombo vyenye udongo ulionunua.